Mnyaa wa Mpakani na Jicho Langu la Kulia

Sikumpenda jirani yangu tangu siku niliyomkuta ameotesha ua wa miti ndani ya shamba langu, wala sitajifanya hapa kwamba nilikuja kumpenda baadaye. Lakini jicho langu la kulia linaona, na aliyelifanya lione ni yeye. Mambo haya mawili yamekaa ndani yangu kwa muda mrefu bila kusemezana, na leo nimeamua kuyaandika jinsi yalivyokuwa.

Mimi ni mwalimu mstaafu. Nilifundisha Kiswahili katika shule za upili za Kisumu mjini, na mume wangu alipofariki nilirudi kuishi nyumbani kwake, karibu na Asembo Bay. Ukisimama nyuma ya jiko langu unaliona ziwa. Ukisimama mbele ya mlango wangu unaliona boma la jirani, na mimi nikajizoeza kukaa zaidi nyuma ya jiko.

Jirani huyo ameolewa na binamu ya mume wangu. Kwetu wanawake walioolewa katika ukoo mmoja huitana nyieka, yaani mke mwenza, hata kama kila mmoja ana mume wake. Ni neno la utani, na la kuonyesha kwamba mtu ni wako. Sisi wawili tuliliacha. Yeye ni muuguzi wa macho katika kituo chetu cha afya, na kila mtu humwita Sista. Mimi huitwa Mwalimu. Basi tulipopishana njiani, Sista aliangalia mahindi ya upande wake na Mwalimu akaangalia mahindi ya upande wake.

Ua ulianza hivi. Binti yangu alijifungua Kisumu, nikaenda kumsaidia kwa miezi miwili. Niliporudi nilikuta vipande vya mnyaa vimesimikwa mpakani, mstari mmoja mrefu kutoka barabarani hadi kwenye mteremko wa ziwa. Mnyaa ni ule mti usio na majani ya maana, vijiti vitupu vya kijani kama vidole, ambao ukiuvunja unatoa utomvu mweupe kama maziwa. Kwa Kijaluo tunauita ojuok. Ng'ombe hauli, mbuzi hauli, na ukishashika mizizi huungoi kwa urahisi. Nilipima kwa miguu yangu mwenyewe kutoka kwenye kaburi la mume wangu. Ua ulikuwa umeingia kwangu hatua mbili.

Nilimwendea siku hiyo hiyo, hata mizigo sijaifungua.

"Huu ua umeingia kwangu," nilimwambia.

Alikuwa akianika sare zake za kazi. Hakugeuka. "Mpaka uko pale ulipokuwa siku zote. Wewe hukuwa ukiishi hapa, Mwalimu. Utajuaje?"

"Mume wangu alinionyesha."

"Basi mwite aje atuonyeshe sote."

Nilisimama pale nikimtazama mgongo. Nafikiri hata yeye alisikia alichosema, kwa sababu mkono wake ulikaa juu ya kamba ya nguo bila kufanya kitu. Lakini hakuomba radhi, nami sikusubiri. Kwa miaka mitatu baada ya hapo hatukusalimiana, hata kanisani, hata penye maiti.

Mtu anayekuudhi kiasi hicho unajifunza upesi panapomuuma. Yeye alikuwa na fahari moja: kile chumba chake cha macho. Kilikuwa mwisho wa ujia wa kituo, chumba kidogo chenye mlango wa buluu, kiti kimoja, na mashine ya kuangalia jicho kwa taa. Watu walitoka huko na marhamu yao kwenye vijaluba na kumsifu njiani. Mimi nikaanza kukisema vibaya. Sikupiga kelele, sikutukana. Nilitumia sauti ya darasani, ambayo watu huiamini. "Yule ni muuguzi tu," nilisema. "Jicho si kidonda cha goti. Nendeni Kisumu mkaonwe na wanaojua."

Nilijionea mwenyewe upumbavu wa shauri langu na bado nikaendelea kulitoa. Mwaka wa pili wa ugomvi wetu nilitokwa na chokea, kijipu cha kwenye ukope, kidogo kama punje ya mtama. Chumba cha buluu kilikuwa mwendo wa robo saa kwa miguu. Nikaenda Kisumu. Nilikaa kwenye benchi kutoka asubuhi mpaka jua linapinda, nikaambiwa nikande kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu mara nne kwa siku, nikarudi nyumbani nikiwa nimechoka kama niliyelima. Watu waliponiuliza, nilisema nimehudumiwa vizuri sana.

Kulikuwa pia na mama mmoja anayeanika omena, wale dagaa wa ziwa letu, ufukweni. Alinisimamisha kwenye lango la kanisa, jicho lake moja jekundu, akaniambia upepo umemtupia kitu, labda gamba la samaki, labda mchanga. Aliniuliza aende kwa Sista au afanyeje. Nilimwambia, "Mama, usichezee jicho. Nenda Kisumu." Akaniambia asante, Mwalimu. Sikumfikiria tena.

Sasa nifike kwenye siku yenyewe. Ilikuwa Jumanne asubuhi. Nilishuka kuangalia mihogo yangu ya upande wa ziwa nikakuta vipande vipya vya mnyaa vimeongezwa, vimezunguka mpapai wangu na kuuacha upande wa pili, upande wa Sista. Mpapai nilioupanda kwa mkono wangu! Nilirudi nyumbani, nikachukua panga, nikakaa mlangoni nikingoja. Alipita kwenda kazini na mwavuli wake mweusi. Nilingoja mwavuli uishe kwenye kona.

Nilikata kwa hasira ya miaka mitatu. Mnyaa haukatiki kama mti mkavu, unakatika kama tango, chwa, na utomvu unaruka. Uliniruka mikononi, kwenye blauzi, kwenye shingo. Nilijua ni sumu, kila mtoto wa huku anajua, lakini niliona ni kama damu ya adui na sikujali. Nilikata wa kwanza, wa pili, wa tatu. Jua lilikuwa limeshapanda. Kwenye mnyaa wa saba jasho liliniingia machoni, nikajifuta kwa nyuma ya mkono.

Mwanzoni nilihisi joto tu, kama mvuke wa chungu. Nikaangusha panga. Nilikwenda jikoni nikachota kikombe kimoja cha maji, nikajimwagia, nikapangusa kwa leso, nikajiambia yamekwisha. Nilikaa. Nafikiri nusu saa ilipita. Halafu moto ukaja. Sijui niuelezeje. Ulikuwa kama mtu ananisugua ndani ya jicho kwa pilipili na msasa kwa pamoja, na jicho la pili, lililo zima, likajifunga kwa kulihurumia lile la kwanza. Nilikaa kwenye sakafu ya jiko, kipofu mzima, machozi na makamasi yakinishuka kama mtoto aliyepigwa.

Shemeji yangu, kaka wa marehemu mume wangu, alinikuta hivyo. Ni mzee mwenye huruma na asiye na subira.

"Mwalimu, nani amekufanya nini?"

"Sabuni," nikasema. "Nilikuwa nafua."

Hilo lilikuwa jibu la kwanza lililonijia, na baada ya kulisema sikuweza kulirudisha. Nikisema utomvu, ataangalia shambani. Akiangalia shambani, mambo yote yamekwisha.

"Nikukamulie maziwa ya ng'ombe? Tunatia mabichi, yanapoza."

"Usinitie maziwa ya ng'ombe!"

"Basi nikuitie mama mwenye kunyonyesha."

"Shemeji, nitakupiga."

Akaenda dukani kwa muuza dawa sokoni, akarudi na chupa ndogo ya matone. Muuza dawa hakuuliza jicho ni la nani wala limeingiwa na nini. Aliambiwa tu "jicho jekundu" na akafungua droo. Niliitia chupa kwenye mkoba bila kuitumia, si kwa busara, ila sikuweza kufungua kope zangu hata kwa vidole. Nikamwambia shemeji aniitie boda boda. Nakwenda Kisumu.

Mwenye pikipiki aliyekuja nilimjua kwa sauti. Alikuwa mwanafunzi wangu zamani, sasa ni baba wa watoto watano, mwenye mvi kwenye ndevu, kama nilivyomwona wiki iliyotangulia.

"Mwalimu, Kisumu ni mbali na hii jicho ni mbaya," alisema. "Hapa karibu kuna Sista wa macho. Dakika tano tu."

"Kisumu."

"Mpaka tufike lami, tupate gari, ijae, itoke, ifike. Hiyo ni masaa."

"Nimesema Kisumu! Nipeleke kwenye lami."

Shemeji alinipandisha, nikashika koti la yule mwanamume, tukaondoka. Sikuweza kuona, lakini njia ya kwetu naijua kwa makalio. Kwanza kuna mchanga, halafu daraja la mawe lenye mtikisiko, halafu unapinda kushoto kuelekea barabara kubwa. Tulivuka daraja. Pikipiki ikapinda kulia.

"Unanipeleka wapi?"

Nilianza kumpiga ngumi mgongoni. Pikipiki ikaongeza mwendo. Nilimwita majina ambayo mwalimu hatakiwi kuyajua. Tuliposimama nilisikia watoto wachanga wakilia kwenye mizani, nikanusa dawa ya kusafishia sakafu, na nikajua niko wapi.

"Wewe umeniuza," nilimwambia.

"Mwalimu, kidato cha pili ulinichapa kwa sababu mimi sisikii. Leo wewe ndiyo husikii." Akanishika mkono, akaniteremsha kama gunia lenye mayai, akaniongoza kwenye ujia huku akiita, "Sista! Sista! Kuna mtu ameingiwa na kitu kwa jicho!"

Mlango ukafunguliwa. Niliijua sauti yake kabla hajamaliza neno.

"Nani? Aha." Viatu vyake vikanisogelea. "Mlete hapa. Kwenye kiti."

Mtu kwenye foleni, mwanamke, akalalamika kwamba yeye amefika tangu asubuhi.

"Wewe umefuata miwani ya kusomea," Sista alimwambia. "Huyu ameungua. Kuungua hakupangi foleni."

Hakunisalimu. Alikilaza kiti nyuma, akanitia tone moja kwenye kila jicho, na kabla sijahesabu ishirini ule moto ukazimika. Sijawahi kuhisi raha kama ile katika maisha yangu, na kwamba imetoka mkononi mwake kulinifanya nitamani kuinuka niondoke. Akanifungua kope kwa vidole vyake, akaanza kumimina maji ya dripu juu ya jicho, polepole, mfululizo, yakishuka sikioni na shingoni.

"Ni nini kimeingia?"

"Sabuni."

"Sabuni gani?"

"Ya kufulia."

"Angalia juu. Juu, Mwalimu, si kwangu. Saa ngapi?"

"Saa mbili. Mbili na nusu."

"Na sasa ni saa tano." Maji hayakusita. "Ulijiosha?"

"Kidogo."

"Kidogo ni nini?"

"Kikombe."

Alitoa pumzi puani. Chupa ya kwanza iliisha, akafungua ya pili. Ndipo mkono wake ukanishika kifundo cha mkono, akaugeuza kwenye mwanga. Nilijua anaona nini. Utomvu ulikuwa umekauka juu ya ngozi yangu kama gundi, madoa meupe yanayonata, na blauzi yangu ilikuwa na vumbi lililoganda juu yake. Alinusa. Nilisikia akinusa.

"Mwalimu," alisema kwa sauti ya chini, ile ambayo foleni haiwezi kuisikia, "mimi ndiye nilipanda hiyo miti. Unafikiri siijui harufu yake?"

Maji yalikuwa yananipita mdomoni.

"Umekata mingapi?"

"Saba."

"Saba." Akarudia tena, "Saba," na mkono wake kwenye kope zangu ukakaza kidogo. Halafu ukalegea. "Angalia chini. Kushoto. Usifunge."

"Uliuzunguka mpapai wangu," nilisema.

"Fungua jicho."

"Niliupanda mimi."

"Fungua jicho! Ukitaka kuongea juu ya papai, uongee ukiwa na macho mawili."

Aligeuza ukope wa juu ndani nje, akapitisha kijiti chenye pamba, akanionyesha uchafu mweupe kama uzi. Ulikuwa umekaa huko muda wote nikimwambia shemeji habari za sabuni. Akaosha tena. Halafu akanitia rangi ya manjano ya kuonyesha mchubuko, akanisogeza kwenye mashine, akawasha taa ya buluu, akaangalia kwa muda mrefu. Uso wake ulikuwa karibu na wangu kuliko ulivyowahi kuwa kwa miaka mitatu. Alinukia sabuni ya kipande na chai ya tangawizi.

"Kioo cha jicho kimechubuka, sehemu ya chini," alisema. "Kitapona, ukinisikiliza. Ungengoja mpaka Kisumu, ukae kwenye benchi mpaka jioni, sijui ningekuwa nasema nini sasa."

Niliona afadhali kutafuta kosa kuliko kusema asante. Nilimwomba yale matone ya kwanza, yale ya raha, niende nayo nyumbani.

"Hapana. Hayo ni ya hapa tu. Ukitumia nyumbani utajisugua bila kujua na kidonda hakitafunga."

"Nitavumiliaje?"

"Utavumilia. Umevumilia kunichukia kwa miaka mitatu."

Nilitoa chupa ya muuza dawa kwenye mkoba, nikamwambia basi nitatumia hii. Aliisoma, na hapo kwa mara ya kwanza akapaza sauti. Aliniuliza nani amenipa. Aliniambia dawa hiyo ina kazi yake, lakini kwenye jicho lililochubuka, bila mtu kuliangalia kila siku, inaweza kulifungulia mlango ugonjwa na kulimaliza. Akaitupa kwenye pipa.

Aliponiandikia marhamu na vidonge vya maumivu, akaketi. Alikuwa bado ameshika kalamu.

"Unamkumbuka mama wa omena?" aliuliza. "Yule uliyemwambia aende Kisumu?"

Nikasema simkumbuki.

"Unamkumbuka. Alikuwa na gamba la samaki limekwama kwenye jicho. Kazi ya dakika mbili, hapa, kwenye kiti hicho ulichokalia. Hakuwa na wa kumwachia omena, akangoja siku ya nafasi aende Kisumu kama Mwalimu alivyosema. Siku nane. Alipoletwa kwangu jicho lilikuwa na usaha. Nilimpeleka Kisumu mimi mwenyewe, kwa gari la kituo. Sasa ana doa jeupe katikati ya jicho, na anaona kama mtu anayetazama kwenye chupa ya maziwa." Akanisukumia karatasi. "Mimi uniseme unavyotaka. Rudi kesho asubuhi."

Nilitoka nimeshikilia ukuta. Yule mwenye pikipiki alikuwa bado ananingoja. Akanipandisha, akanirudisha nyumbani.

Nilirudi siku ya pili, na ya tatu, na ya nne. Kila siku alinitia rangi, akaangalia kwa taa ya buluu, akaandika. Kila siku tulisemezana maneno yale tu ambayo jicho liliyahitaji. Siku ya pili nililala nusu ya mchana kwa maumivu na nilimlaani yeye na matone yake aliyoninyima. Siku ya tatu niliweza kulifungua kivulini. Siku ya nne alisema, "Kidonda kimefunga," akanipa kadi, akaita jina la mtu mwingine.

Kutoka pale niliteremka moja kwa moja ufukweni. Mama wa omena alikuwa ameinama juu ya nyavu zake za kuanikia, akigeuza samaki kwa ufagio. Nilimsalimu. Aliitikia. Nilimwambia nimesikia habari ya jicho lake na kwamba nilimshauri vibaya, nilimshauri kwa sababu ya ugomvi wangu na mtu mwingine, na nimekuja kumwomba radhi. Aliendelea kufagia mpaka mwisho wa wavu. Halafu akaninyanyulia uso, akageuka kidogo ili lile jicho liwe upande wangu, na niliona doa.

"Nilijua ulikuwa na ugomvi na Sista," alisema. "Watu wote walijua. Lakini nilifikiri, mwalimu hawezi kunidanganya mambo ya jicho."

"Nisamehe, mama."

"Ondoka hapo, unawatia kivuli samaki wangu, watakosa jua."

Niliondoka. Nilimpelekea sukari na unga baadaye kwa mkono wa mtu, vikarudishwa jioni hiyo hiyo vikiwa havijafunguliwa.

Wiki ile ile Sista alimwita naibu wa chifu. Alikuja na wazee watatu wa ukoo, tukasimama mpakani, mbele ya visiki saba ambavyo utomvu wake ulikuwa umekauka na kuwa mweusi. Watu walikuwa wengi. Nilikuwa nimejitayarisha. Nilijua yeye ana kitabu cha wagonjwa, na kwenye kitabu hicho, siku ile ya Jumanne, ameandika jina langu na ameandika utomvu. Kwa siku tatu nilikuwa nimetunga jibu. Atakapotoa siri ya mgonjwa mbele ya baraza, nitajitokeza na kumwuliza kama huo ndio uuguzi aliofundishwa, na nitaandika barua kwa wakubwa wake wote wa kaunti. Nilikuwa nimeshaianza kichwani, hata aya ya kwanza nilikuwa nayo.

"Nani amekata?" aliuliza naibu wa chifu.

Watu wakaangalia chini.

"Sista, wewe ndiye mlalamikaji. Unamshuku nani?"

Aliniangalia. Kila mtu aliona ameniangalia. Shavu lake lilikuwa linacheza kwa hasira.

"Sina la kusema juu ya nani," alisema. "Nataka aliyekata aseme mwenyewe."

"Hujaona? Hujasikia chochote?"

"Nimesema sina la kusema."

Ningeweza kunyamaza. Hakuna aliyeniona, na shemeji yangu alikuwa ameshawaambia watu wote habari za sabuni. Lakini alikuwa amenipokonya jibu langu. Nilibaki nimesimama na barua nzima kichwani na hakuna pa kuipeleka, na yeye pale mbele amefunga mdomo kwa ajili ya mtu anayemchukia. Sikuweza kuvumilia kumwona ananizidi mbele ya watu, hata kama watu wenyewe hawakujua ananizidi.

"Ni mimi," nilisema. "Nilikata mimi. Na jicho langu halikuingiwa na sabuni."

Shemeji alishika kichwa. Mtu mmoja alicheka nyuma. Naibu wa chifu aliniuliza kama najua nilichofanya, nikamwambia najua, na kwamba ua uko ndani ya shamba langu, na nikaanza tena kuhesabu hatua kutoka kaburini. Wazee walichoka kunisikiliza. Mmoja wao, mkubwa kuliko wote, alichukua jembe, akaenda kwenye mteremko, akachimba mahali alipopajua yeye, na baada ya muda jembe likagonga jiwe. Ndilo jiwe la mpaka. Walivuta kamba kutoka pale hadi barabarani. Ua ulikuwa umeingia kwangu hatua moja na nusu. Si mbili.

"Nyinyi wawili mmesoma kuliko sisi sote hapa," mzee alisema, akipangusa jembe, "na mnatuchosha."

Sista aliamriwa kuuhamisha ua. Mimi niliamriwa kumwomba radhi mbele ya watu kwa kukata mali yake badala ya kungoja wazee. Niliomba, kwa sauti ya kusoma tangazo. Alikubali kwa sauti hiyo hiyo. Kuhusu lile neno lake la kunikejeli nimwite mume wangu, hakuna aliyegusia, kwa sababu hakuna aliyelijua zaidi yetu wawili. Watu walipotawanyika nilimfuata mpaka kwenye lango lake.

"Kwa nini hukusema?"

"Kile kitabu si cha baraza."

"Ungeshinda."

"Mwalimu," alisema, "usifikiri nilikunyamazia wewe. Nilinyamazia mlango wangu. Nikisema lako leo, kesho nani ataniletea jicho lake?" Kisha akaingia ndani.

Alihamisha ua mwezi uliofuata, amevaa glavu ndefu na miwani ya plastiki. Nilikaa upande wangu nikihakikisha kamba haisogei. Hatukusemezana mpaka alipomaliza.

Hatusalimiani hata sasa, isipokuwa kuna mtu mgeni anayetutazama. Kila nikimwona naisikia ile sauti yake kwenye kamba ya nguo, na sidhani itanitoka. Lakini mtu akinisimamisha njiani na jicho jekundu, iwe ni mchanga, iwe ni kijipu, iwe ni tongotongo za asubuhi, namwambia asinunue chupa sokoni na asingoje kesho. Namwambia aoshe kwa maji mengi kama kimeingia kitu, halafu aende kwenye mlango wa buluu leo, sasa hivi. Wengine hushangaa.

"Mwalimu, si wewe na yule hamuelewani?"

"Hatuelewani," nawajibu. "Nenda."